Jina Lililokataliwa Dirishani

Mama Bwanali alikuwa nyakanga, na huku kwetu juu mlimani, upande wa Newala, mtu akisema nyakanga hana haja ya kuongeza neno. Ndiye aliyewaingiza wasichana unyagoni na ndiye aliyewatoa, na siku ya kuwatoa aliwaita mmoja mmoja kwa jina jipya mbele ya mama zao. Msichana aliingia na jina la utotoni akatoka na jina la utu uzima. Lile la kwanza lilibaki huko huko. Kumwita mtu mzima kwa jina hilo tena ni kumvua nguo mbele za watu, na aliyefanya hivyo alitozwa kuku, na asiye na kuku alikwenda kulima shamba la aliyemtukana mpaka mwenyewe aseme basi.

Wavulana nao jandoni ni hivyo hivyo. Mwanawe wa kiume aliingia likumbi, ile kambi yao ya porini, akiwa na jina alilopewa na bibi yake, jina la ovyo kidogo la kukidanganya kifo kisimtamani, maana watoto wawili waliomtangulia hawakukaa. Alipotoka akawa Bwanali. Na mama mtu, aliyekuwa akiitwa kwa jina lile la ovyo, tangu siku hiyo akawa Mama Bwanali. Jina la mwanzo halitaandikwa hapa. Wanaolijua wanalijua.

Kilichobaki nyuma ni serikali. Mtoto alikuwa amekwisha kuanza shule kabla ya jando, na mwalimu aliandika jina alilolikuta. Mama Bwanali akaenda shuleni kuwaambia kwamba mtoto sasa ni mwingine, wafute. Mwalimu mkuu, mtu wa mkoa wa mbali, akamweleza kwa upole kwamba jina halifutwi na mwalimu, lina sheria yake, inabidi aende mjini kwa mwanasheria akaape kwamba yule wa zamani na huyu wa sasa ni mtu mmoja. Mama Bwanali akamuuliza aape kwa nani kwamba mwanawe ni mwanawe. Alipomwona mwalimu anacheka, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka, na shule ile hakuikanyaga tena. Bwanali akamaliza darasa la saba kwa jina la utotoni. Miaka ikapita, wakaja watu wa vitambulisho vya taifa na mashine zao za kupiga picha na kukamua vidole, nao wakafuata cheti cha shule. Basi Bwanali akawa anatembea na kadi yenye sura ya mwanamume mwenye ndevu na chini yake jina la kitoto kichafu cha kuchunga mbuzi. Alikuwa akiificha hata kwa wenzake wa kazini.

Si kwamba mama huyu alichukia kila kitu cha kisasa, kama walivyomsengenya. Bomba la maji lilipofika kijijini alikuwa wa kwanza kulishukuru, kwa sababu alishuka bondeni na ndoo kichwani tangu yu msichana na shingo yake ilikuwa inajua. Walipoleta sheria kwamba unyago ufanywe wakati wa likizo tu, wengi walinung'unika, yeye akasema sawa, mwali mjinga hamsaidii mtu. Lakini siku ya mkutano, mtendaji wa kijiji alipoomba wazazi wasiwabadilishe watoto majina kwa sababu yanasumbua kwenye mitihani na mikopo na hospitali, alisimama. Mtendaji mwenyewe akatazama chini.

"Mwanangu mtendaji," alisema, "ninyi mnaandika, sisi tunaita. Mtu akipotea porini hatafutwi kwa karatasi, anaitwa. Nendeni mkaiambie mashine yenu ijifunze kuita."

Watu walipiga makofi mpaka mkutano ukavunjika. Maneno hayo yalitembea kijiji hadi kijiji, na yeye alijua kwamba yanatembea.

Bwanali alikuwa mtu wa mashine. Msimu wa mikorosho alifunga mashine ya kupulizia salfa nyuma ya pikipiki akashuka kwenda kupulizia mashamba ya watu, Chiwata, Nanganga na kote huko chini, akirudi nyumbani mweupe kama aliyeanguka kwenye unga. Mke alimwacha kwa sababu ya kikohozi na harufu ya salfa, ndivyo walivyosema. Kila Ijumaa baada ya swala alimpigia mama yake simu. Mama alijua kupokea tu, kupiga hakujua na hakutaka kujua, akisema mtoto ndiye humtafuta mama. Mara nyingi walichozungumza ni chakula. Umekula nini, nimekula ugali na kisamvu, haya.

Msimu ule, jioni moja, Bwanali aligongwa na lori nje kidogo ya Nanganga. Lori halikusimama. Wapita njia wakampakia kwenye gari la mizigo wakampeleka hospitali moja ya Masasi. Simu yake ilipondeka barabarani, lakini kadi ilikuwa mfukoni nzima. Kesho yake asubuhi Shadrack, mwenzake wa kazi, akaiona pikipiki imelala pembeni ya barabara, akaulizia, kisha akampigia Nuria, mdogo wake Bwanali. Shadrack mwenyewe hakuwa amefika hospitali. Alijua tu kwamba Bwanali amepelekwa Masasi na kwamba aliondoka pale akiwa hai.

Nuria alikuwa na mtoto mchanga, arobaini haijatimia, na mzazi wa namna hiyo hatoki uani. Akamwomba mama asubiri wajomba warudi shamba, waende pamoja. Mama Bwanali akasema mtu aliyezaa peke yake atatazama mgonjwa peke yake. Akachukua kanga mbili na uji kwenye chupa, akapanda gari, akashuka mlima.

Hospitali ilikuwa na dirisha la mapokezi, na nyuma ya dirisha alikaa dada mmoja aitwaye Upendo, mtu wa Bukoba, na mbele yake kompyuta. Watu walikuwa wengi. Mama Bwanali hakuwa mzoefu wa foleni, kijijini akifika hupishwa, lakini alipanga kama wengine. Nyuma yake akasikia sauti ikisema shikamoo nyakanga. Alikuwa Emilia, msichana ambaye yeye mwenyewe alimwingiza unyagoni, sasa ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Akaitika marahaba, akamuuliza watoto wanaumwa nini, wakasogea pamoja. Na wanawake wengine wa kutoka mlimani, waliposikia neno nyakanga, wakageuka kumsalimu, wakamsogeza mbele kwa heshima.

Upendo alimwamkia naye, akamuuliza anamtafuta nani.

"Mwanangu Bwanali. Aligongwa jana Nanganga."

Upendo akaandika, akatazama, akaandika tena. Alikuwa na subira, haifai kumsingizia. Alisema jana wameletwa majeruhi kadhaa, lakini Bwanali hayumo. Mama Bwanali akauliza kama wodi ya wanaume inaweza kutazamwa, mlinzi akasema saa ya kuona wagonjwa bado, na hata ikifika mtu haingii bila jina la mgonjwa kuwa pale. Ndipo Upendo akainama dirishani akasema kwa sauti ya chini kidogo, lakini si chini sana.

"Bibi, ninyi wa huku mara nyingi mna majina mawili. Hana jina jingine? La shuleni, au la kwenye kitambulisho?"

Usiseme kwamba hakuelewa. Alielewa mara moja. Jina lilipanda mpaka kooni likakaa pale. Lakini Emilia alikuwa nyuma yake, karibu hata anasikia pumzi yake, na huyo Emilia alikuwa msichana mbishi ambaye alimfundisha kwa wiki nzima, kwa nyimbo na kwa fimbo, kwamba jina lile haliondoki mdomoni hata nyumba ikiungua. Na wanawake wa mlimani walikuwa kimya wakimtazama. Amtupe mwanawe utotoni mbele ya watu hawa, mwanawe ambaye huenda yumo humo ndani, mtu mzima, amelala hajiwezi?

"Hana," alisema. "Mtu mzima ana jina moja."

"Basi bibi, hapa hayupo. Jaribu kuuliza pengine."

Akatoka dirishani, kichwa juu. Nje kulikuwa na benchi la saruji limeegemea ukuta wa jengo refu, chini ya madirisha yenye nyavu, na watu wamekaa wakingoja saa ya kuona wagonjwa. Akaketi. Alijiambia atapumzika kidogo, watu wakipungua atarudi dirishani akamnong'oneze yule dada. Hilo alilipanga moyoni, na alilipanga kweli.

Lakini benchi nalo lilikuwa na mazungumzo yake. Mzee mmoja wa Chiwata alikuwa analalamikia kompyuta, kwamba siku hizi hata korosho zinauzwa kwenye simu, mnunuzi humwoni uso, utajuaje kama amekunywa. Kulwa, Msukuma anayeuza mitumba sokoni, akasema kompyuta ni nzuri kwa sababu haina shemeji, zamani mafaili yalipotea na aliyekuja nyuma yako akatibiwa mbele yako. Mwingine akasema serikali inataka kila mtu awe na bima, sheria imepita, lakini sheria haijui kwamba mwezi wa tatu mkulima hana kitu. Wakabishana. Mtu akamtambua Mama Bwanali na kumwambia, nyakanga, wewe ndiye uliyemnyamazisha mtendaji, hebu tuambie. Akakataa. Wakamsihi.

Na yeye akasema. Sauti yake ilikuwa kubwa, ya mtu aliyezoea kuongea kupita ngoma. Aliwaambia kwamba amefika hapa kumtafuta mwanawe, wameiuliza mashine kwanza kama yeye ana mtoto, mashine imesema hana. Watu wakacheka. Akaendelea kwamba mashine haikuwepo usiku wa uchungu, haikushika kisu jandoni, leo inampangia mtu aitwe nani. Mzee wa Chiwata akaangua kicheko mpaka akakohoa, na Kulwa akasema mama huyu apelekwe bungeni. Alichanganya Kiswahili na Kimakonde, kila sentensi ikileta kicheko chake, na kwa muda mfupi hofu ikamtoka kifuani, naye akacheka. Alikaa pale akiwa nyakanga.

Kisha akatazama jua, akaona akichelewa atakosa gari la kupanda mlima. Dirishani watu hawakuwa wamepungua. Emilia bado alikuwa karibu na mlango. Mama Bwanali akajiambia kwamba labda kweli wamempeleka hospitali nyingine, maana watu husema majeraha makubwa hupelekwa mbali, na wajomba watajua pa kuuliza. Akampa yule mzee wa Chiwata uji wake, akaenda zake.

Nuria alimpokea uani mtoto akiwa kifuani. Akasikiliza yote, kisha akauliza swali moja tu.

"Mama, uliwaambia jina gani?"

"Jina lake."

"Lipi?"

"Ana mangapi?"

Nuria akakaa chini palepale kwenye vumbi na mtoto wake, akaanza kulia bila sauti, machozi yanamdondokea mtoto kichwani. Mama Bwanali akamwambia asimlilie mtu mzima kama amekufa. Na hakuna aliyehitaji kumwambia Mama Bwanali kitu, kwa sababu njia nzima ya kupanda mlima, kila kona, alikuwa akilisikia lile jina kooni kama mfupa wa samaki, akilimeza linapanda tena.

Jioni ile hapakuwa na gari la kushuka. Nuria akajaribu kupiga simu hospitali, hakuna aliyekuwa na namba. Asubuhi gari la kwanza liliwachukua wote, Nuria akiwa amemfunga mchanga mgongoni na arobaini haijatimia. Wanawake waliowaona njiani hawakuuliza.

Dirishani alikuwa Upendo yule yule. Nuria akafungua mdomo, akashindwa. Mdogo wa mtu hawezi kulitaja jina lile. Mama Bwanali akamsogeza kando kwa bega, akashika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili, akalitamka. Alilitamka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, mpaka waliokuwa mlangoni wakageuka, na wa mlimani waliokuwepo wakashusha macho.

Upendo akaandika. Hakuandika mara ya pili. Alikaa akiitazama mashine, kisha akainuka, akazunguka akatokea mlangoni, akamshika mama mkono. Hapo Mama Bwanali akajua, kwa sababu watu wa dirishani hawatoki nje kwa habari njema.

Bwanali alikuwa amekata roho alfajiri, damu ilikuwa inavuja ndani ya tumbo. Daktari alieleza, Nuria akaitikia. Mama Bwanali hakuuliza kitu cha tumbo. Aliuliza alilala wapi. Wakampeleka wodi ya wanaume, wakamwonyesha kitanda kilichokwisha kutandikwa upya, kando ya dirisha lenye wavu. Akachungulia nje. Chini kulikuwa na benchi la saruji, na watu wameketi wanaongea, na kila neno lilipanda mpaka pale kitandani.

Kitanda cha pili alilala mwalimu Elineema, Mpare anayefundisha Lukuledi, mguu umefungwa bandeji ngumu. Alimwamkia, akampa pole, kisha akanyamaza, maana alikuwa mtu mwema na alijua anachokijua kinaumiza. Mama Bwanali akamwambia aseme. Akamwambia yeye ni mtu mzima, amezika watoto wengine, aseme.

Mwalimu akasema kwamba mgonjwa yule alikuwa na akili zake mpaka jana jioni. Wauguzi walikuwa wakimwita kwa jina la kwenye kadi, naye anageuzia uso ukutani, wakadhani amezidiwa. Baadaye alimwomba mwalimu, kama anaweza, amwite Bwanali. Mwalimu akamwita hivyo, naye akaitika kila mara, hata maumivu yalipokuwa makali.

"Aliuliza habari zangu?"

"Mama," mwalimu alisema, "jana mchana kulikuwa na watu wanacheka hapo nje. Akasikia sauti, akasema huyo ni mama yangu. Nikamwambia apumzike, kina mama wa Kimakonde wako wengi. Akasema hapana, huyo ni mama, sikiliza anavyowaweza. Akatabasamu. Akasema ngoja amalize, ataingia."

Nuria alitoka nje. Mama Bwanali alibaki amesimama, mkono juu ya shuka mpya. Mwalimu alipotaka kuendelea akamzuia kwa kiganja, akamshukuru kwa kumwita mwanawe vizuri, akamwombea mguu upone. Hakulia mbele yake. Watu walisema baadaye kwamba ni kiburi, na huenda ni kweli, lakini kiburi hicho ndicho kilichokuwa kinamshikilia wima, na bila hicho angeanguka.

Wajomba walikuja na gari, wakamchukua. Karatasi ya kibali cha mazishi iliandikwa jina la kwenye kadi, na kwa kuwa karatasi hiyo ilipita mikono mingi, ya mtendaji, ya balozi wa nyumba kumi, ya wachimba kaburi, mpaka mchana kijiji kizima kilikuwa kimelisoma. Vijana ambao hawakuwahi kulijua walilijua siku hiyo. Hakuna aliyetozwa kitu.

Wanaume wakaenda makaburini, wanawake wakabaki ndani na mama mfiwa, kama ilivyo dini. Alikaa mkekani ameegemea ukuta. Emilia naye alikuwa amefika, amekaa karibu na mlango na watoto wake, na kila mama alipoinua macho, msichana aliyashusha ya kwake. Walisikia nyuradi kwa mbali, kisha zikakatika. Baada ya kitambo akaja mjomba mmoja, mzee, udongo mikononi, akasimama nje ya kizingiti na kukohoa.

Maiti akishafukiwa, shehe humsomea talkini, humwita kwa jina lake na la mama yake, amkumbushe majibu ya kuwapa malaika. Sasa shehe, ambaye alikuwa mgeni aliyeletwa na baraza la dini kutoka mjini, alikuwa ameiona karatasi, na watu wanamwambia jina jingine. Wamesimama kaburini wanabishana. Mjomba akasema wamemtuma aje amuulize mwenye mtoto, wamwite nani.

Wanawake wote wakangoja. Walijua atakavyojibu, na wengine walikuwa wameshainua vichwa tayari kulisikia jibu la nyakanga. Yeye akakaa muda mrefu akivutavuta ukingo wa kanga, mpaka mjomba akakohoa tena.

"Mwiteni Bwanali," alisema. "Ndilo analoitika."

Mjomba akageuka kwenda. Alikuwa amefika nusu ya uwanja aliposikia anaitwa, na alipotazama nyuma alimwona dada yake amesimama mlangoni, kichwa wazi, kanga imeanguka, akiongea kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake.

"Na mwambie shehe, akiona kimya, amwite kwa lile lingine. Asione haya. Amwite kwa yote mawili, asimwache."